Sikio la Kushoto la Shimwa

Jumamosi mchana mtaa wa Gisimenti hauna adabu. Muziki wa baa moja unaingia ndani ya muziki wa baa ya pili, moshi wa nyama za brosheti unaingia madukani bila hodi, na wenye pikipiki wanaita abiria utadhani wanagombana nao. Katikati ya zogo hilo kuna duka la miwani lenye kioo kipana, na siku hiyo nyuma ya kioo alisimama Shimwa, amevaa gauni la bluu lililomfika kisiginoni na ushungi wa rangi ya maziwa, umeuzunguka uso wake kwa ustadi na kushuka mpaka kifuani bila kuacha hata unywele mmoja.

Akaingia mwanaume mwenye simu mbili, moja sikioni na moja mkononi, shati jeupe amekunja mikono, viatu vizuri lakini vimejaa vumbi jekundu la barabarani. Miwani ilikuwa imelala upande puani mwake. Alikuwa akimfokea dereva wa lori, na alipomaliza kumfokea akageuka na uso mwingine kabisa, uso wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Dada, salama? Hii miwani yangu iko inaanguka. Nikiinama tu, chini."

"Kaa."

"Sina nafasi ya kukaa, dada yangu, lori langu limekwama mpakani Rusumo tangu jana."

"Lori litangoja. Kaa."

Akakaa. Wanaume wengi hukaa wakiambiwa na sauti ya namna ile.

Kazi ya Shimwa ilikuwa masikio ya watu. Alipasha mikono ya miwani kwenye hewa ya moto, akaikunja kidogo, akaivisha, akapitisha vidole nyuma ya masikio ya mteja kusikia inapobana na inapolegea. Alikuwa ameshika masikio ya mapadri, ya wanafunzi, ya wazee waliosinzia akiwapima. Haya ya leo yalikuwa ya moto, na mwenyewe alikuwa ameacha kupumua.

"La kulia liko juu kuliko la kushoto," Shimwa akasema. "Ndiyo sababu miwani inapinda. Usiilaumu miwani."

"Mama yangu hajawahi kuniambia."

"Mama gani atamwambia mwanawe hivyo?"

"Lakini wewe umeniambia, na hata jina langu hujui."

"Jina halinisaidii. Tikisa kichwa." Akatikisa. "Inama." Akainama. "Sasa cheka."

"Nicheke?"

"Mtu akicheka mashavu yanasukuma miwani. Cheka niione."

"Nichekeshe basi."

"Lori lako limekwama Rusumo."

Akacheka kweli, kicheko kikubwa kilichowageuza wateja wote, na miwani haikusogea. Jina lake lilikuwa Ilyasi. Alilisema mwenyewe akitoka, ijapokuwa hakuna aliyemuuliza.

Jumanne akarudi, miwani imepinda. Alikuwa ameikalia. Alhamisi akarudi tena. Ameikalia tena. Jumamosi iliyofuata Phiona, binti wa Kampala aliyefanya kazi na Shimwa, akashindwa kuvumilia.

"Banange! Huyu mwanaume anakalia miwani kila siku. Au ni makalio yake ndiyo hayaoni vizuri?"

Shimwa alicheka mpaka akashika meza. Moyoni alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu mwenyewe lini Ilyasi atakalia miwani tena.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi kuliko ya macho, kwa sababu Ilyasi alikuwa wakala wa mizigo na mizigo haina subira. Leo yuko Rusumo, kesho Kabuga, kesho kutwa amerudi Nyamirambo kwao.

"Malkia, umefika kazini?"

"Niko kwenye moto, pikipiki inanguruma, sikusikii!"

"Nimesema nakupenda!"

"Lori limefanya nini?"

"Nakupenda, sha! Nakupenda!"

"Basi usipige kelele, dereva wangu anasikia," Shimwa akasema, na dereva wa pikipiki akasema naye amefurahi kusikia.

Walipopata nafasi ya kuonana walikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi Nyamirambo, Phiona akiwa meza ya tatu, anakula chapati na kujifanya haoni kitu. Hapo ndipo Ilyasi alipoanza kuona mambo.

"Mbona kila siku unakaa upande huu? Nikikaa kushoto kwako, unahama."

"Napenda kuona barabara."

"Na simu unaweka sikio la kulia tu. La kushoto limekukosea nini?"

"Linapumzika."

"Mwambie lisipumzike sana. Nina maneno mengi."

Akacheka Shimwa, akavuta ushungi mbele kidogo.

Sasa tuseme wazi alichokuwa akikificha, maana ni Ilyasi na watu wa kwao tu ndio hawakukijua. Akiwa msichana wa shule, siku ya Idi, yeye na wenzake walitogana matundu ya pili kwa sindano ya kushonea. Ya wenzake yalipona. La Shimwa, sikio la kushoto, lilipona likaendelea kupona: ngozi ikainuka, ikawa punje, punje ikawa kokwa ya tende. Mama yake akampeleka kwenye zahanati moja, wakaikata, wakashona, wakamwambia kwaheri. Baada ya miezi michache ikarudi, safari hii kubwa kama yai la njiwa, ngumu, inang'aa, imening'inia nyuma ya ndewe na kuziba matundu yote mawili. Na inawasha. Inawasha kazini, inawasha kwenye sala, inawasha kofia ya pikipiki inapoibana mpaka machozi yanamtoka akiwa njiani kati ya kwao Batsinda na kazini Gisimenti, Remera. Ushungi aliupenda kwa dini yake, hilo ni kweli, lakini pia aliupenda kwa sababu hiyo nyingine, na mchanganyiko huo ulimfanya aone haya mbele ya Mungu.

Kwa miezi kadhaa sasa alikuwa akienda Kagarama kwa Daktari Nyokabi, mama wa Kikenya mwenye miwani ya kijani ambayo Shimwa mwenyewe ndiye aliyeirekebisha. Kila mwezi daktari alichoma sindano ndani ya uvimbe wenyewe, na kila mwezi Shimwa aliuma kitambaa.

"Aliyekukata hakukosea kukata," daktari alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Alikosea kukata halafu akakuachilia hivyo. Hii keloidi ni ngozi isiyojua kuacha kazi. Kidonda kilifunga zamani, yenyewe bado inajenga. Ukiikata peke yake umeipa kazi mpya."

"Kwa hiyo itakaa milele?"

"Sijasema hivyo. Tunailainisha kwanza kwa sindano. Ikishuka tutaikata, na siku hiyo hiyo tunachoma tena, na tena baadaye. Halafu utavaa kibanio cha kukandamiza ndewe, mchana na usiku, miezi mingi. Utakichukia. Utakivaa. Na masikio hayo hayatogwi tena, hata na malaika."

Uvimbe ulikuwa umeanza kulainika. Mwasho ulikuwa umepungua kidogo. Ndipo Ilyasi akaleta posa.

Kwao Ilyasi, ukoo wa Biryogo, jirani na Nyamirambo, ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, posa ina namna yake. Mama mzaa mume anatuma hereni za dhahabu za ukoo nyumbani kwa binti, zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Zikikaa huko mpaka siku iliyopangwa, posa imekubaliwa. Siku yenyewe wanawake wanakutana peke yao, mama mkwe anamfungua binti ushungi kwa mkono wake na kumvisha hereni mbele ya wote. Na hereni zikirudi kabla ya siku hiyo, kwa njia yoyote, posa imerudi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kuuliza ni kumwaibisha binti.

"Mama amekuchagulia zile za bibi," Ilyasi alisema kwenye simu, sauti imejaa. "Hajawahi kuzitoa, hata kwa mke wa kaka yangu. Ijumaa ya pili baada ya hii. Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Nimefurahi sana, Ilyasi. Wallahi."

Na alikuwa amefurahi. Ndiyo sababu alikikunja tena upesi kile kitambaa cheupe alipoona ndani yake hereni mbili nzito, kila moja na kijiti chake kirefu cha kupenya nyama.

Mama yake Shimwa, mwanamke wa njia za mkato, akasema, "Siku ile tutafunga ushungi mdogo kwa ndani, ufunike kushoto. Wataona kulia tu."

"Mama, wananifungua kichwa. Wanafungua chote."

"Basi wakutoge kidogo pale pembeni, si siku moja tu?"

Shimwa akatoka nje akazunguka nyumba. Kesho yake akaenda Kagarama. Daktari Nyokabi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijiti hapana," akasema. "Hata siku moja, hata dakika moja. Sindano zote hizi tutakuwa tumezimwaga. Lakini kibanio chepesi, saa moja mbele ya wageni, sina neno. Tafuta sonara avue vijiti, atie vibanio. Na huyo kijana anajua?"

"Atajua."

"Shimwa, nakuuliza anajua?"

"Daktari, basi langu litaniacha."

Mjini kulikuwa na sonara mzee aitwaye Cassien, mwenye Kifaransa cha zamani na mikono safi. Shimwa akamwendea kwa sababu watu walisema hana makosa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni yeye aliyezisafisha hereni zile kwa miaka yote bibi yake Ilyasi alipokuwa hai.

Mzee akaziweka kwenye kiganja, akazitazama, akamtazama Shimwa.

"Unataka nifanye nini, ma fille, binti yangu?"

"Ukate vijiti. Utie vibanio. Na tafadhali, mzee, wenyewe wasijue mpaka Ijumaa ipite."

"Wenyewe ni nani?"

"Ni... ni zangu. Zimekuwa zangu."

"Rudi keshokutwa," mzee akasema kwa upole. Mlango ulipofungwa nyuma ya Shimwa, akavaa miwani yake na kumpigia simu mama yake Ilyasi. Alidhani anaokoa mali ya rafiki yake marehemu, yule bibi. Jioni hiyo hiyo mama Ilyasi alifika dukani kwake, akazichukua hereni bila kusema neno, akazipeleka nyumbani.

Hereni zilikuwa zimerudi.

Simu ya Ilyasi ilimkuta Shimwa akifunga duka.

"Shimwa."

Hakusema malkia. Shimwa akaegemea kioo.

"Hereni ziko wapi?"

"Ziko kwa fundi, nilitaka..."

"Ziko kwa mama. Umempelekea mzee Cassien azikate, na umemwambia sisi tusijue. Dhahabu ya bibi yangu, Shimwa! Unazikata ili iweje? Uuze?"

"Kuuza? Mimi?"

"Basi niambie. Nakuuliza wewe, sijataka kusikia ya mtu mwingine. Niambie neno moja tu, nitalishika hilo hilo."

Na neno lilikuwa moja kweli. Sikio. Lilikuwa limemfika mdomoni, akaona mbele yake uso wa Ilyasi ukibadilika, akaona macho yake yakitafuta kila siku kitu nyuma ya ushungi, akalimeza.

"Siwezi kusema kwenye simu."

"Nikuje hapo?"

"Usije."

"Kama hunitaki ungeniambia kwa mdomo wako. Ungeniambia hapo dukani, mbele ya Phiona, mbele ya watu wote, ningeondoka. Lakini kupitia kwa sonara! Mama yangu analia, Shimwa."

"Basi fikiri unavyotaka!"

Shimwa ndiye aliyekata simu. Kisha akasimama barabarani Gisimenti, katikati ya muziki wote ule, akalia kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe, na sikio likaanza kuwasha kama limetiwa pilipili.

Siku zilizofuata Shimwa hakuweza kutulia. Alitembea. Alishuka pikipiki nusu ya njia, akamalizia kwa miguu, akapanda nyingine. Alimpigia Ilyasi, akakuta simu imezimwa. Ilyasi akapiga, akamkuta yeye amesimama na simu mkononi, anaitazama inalia mpaka inanyamaza. Nyumbani mama yake alirudisha kwa majirani masufuria aliyoazima kwa ajili ya Ijumaa, na kila sufuria ilitoka na maelezo yake. Kazini Shimwa alimvisha mzee mmoja miwani ya mke wake, na mzee akashukuru, akatoka nayo mpaka nje.

"Mwambie," Phiona akasema.

"Amenizimia simu."

"Amekupigia asubuhi, nimeona. Nyabo, wewe unaogopa nini hasa? Ataoa wewe au ataoa ushungi?"

"Wewe huna kitu sikioni. Usinifundishe."

"Sawa. Lakini usimvishe mzee mwingine miwani ya mke wake."

Siku ya Jumatano akaingia mama mmoja kijana kuchukua miwani, mgongoni amembeba mtoto wa kike. Mtoto alikuwa amegeuza uso, na kwenye ndewe zake ndogo, moja na moja, kulikuwa na uzi mweusi uliofungwa fundo, na ngozi pembeni bado nyekundu.

"Ametogwa lini?" Shimwa akauliza.

"Wiki hii. Mama mkwe ametaka. Kwao wanatoga mapema."

"Na kwenu kuna mtu mwenye makovu ya kuvimba?"

"Ya kuvimba? Oya. Hakuna."

"Basi sawa. Ukiona inainuka, hata kidogo, usingoje. Mpeleke kwa daktari wa ngozi."

Yule mama akaondoka, lakini Shimwa alibaki pale pale na kitambaa cha kufutia vioo. Alikuwa ameona jambo ambalo siku zote hizi alikuwa akilizunguka. Hata kama sonara angenyamaza, hata kama Ijumaa ingepita vizuri na vibanio vikang'aa, ingekuja siku ya saba ya binti yake, katika nyumba ya kina Ilyasi ambako kila mtoto wa kike hutogwa siku hiyo, na mwanamke angeingia na sindano na uzi. Angefanya nini siku hiyo? Angenyamaza tena? Akamwona mtoto wake, ambaye hata hakuwapo, akijikuna usiku.

"Phiona, nishikie zamu."

"Unaenda wapi?"

"Nyamirambo."

"Ee Mungu wangu. Nenda! Nenda!"

Kofia ya pikipiki ilimbana njia nzima na safari hii hakuilegeza. Alipofika, Ilyasi alikuwa kwenye baraza, ametoka safari, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Shimwa?"

"Nimekuja kwa mama yako. Wewe kaa nje."

"Lakini mimi ndiye..."

"Kaa nje, Ilyasi."

Mama Ilyasi alikuwa chumbani, amevaa kitenge cha manjano, anaosha mchele ndani ya beseni. Hakuinuka wala hakumwambia karibu. Shimwa akafunga mlango, akaja akapiga magoti mbele ya beseni, akatoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pini moja ikaangukia kwenye mchele. Akaufungua ushungi wote, akageuza kichwa.

"Subhanallah!" Mama Ilyasi akarudi nyuma, maji yakamwagika. "Hiki nini?"

"Kovu, Mama."

"Kovu la nini? Umepigwa?"

"La hereni. Nilitogwa nikiwa mtoto wa shule. Likavimba. Likakatwa, likarudi. Nilikwenda kwa sonara atoe vijiti, aweke vya kubana. Sikutaka kuuza. Nilitaka kuzivaa."

Mama Ilyasi akalisukuma beseni kando. Kisha hasira ikamjia, na ilikuwa hasira ya haki.

"Umekula pilau yangu humu ndani. Umekaa na mimi, nimekuonyesha picha za marehemu mama. Na ungeniacha Ijumaa, mbele ya wanawake wote wa Biryogo, nikufungue kichwa nikutane na hiki? Ningepiga kelele, Shimwa. Najijua. Ningepiga kelele, na wewe ungekimbia, na mimi ningejilaumu mpaka kaburini!"

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Linaambukiza?"

"Haliambukizi."

"Linapona?"

"Daktari anachoma sindano, limeanza kushuka. Baadaye atakata, atachoma tena, nitavaa kibanio miezi mingi. Anasema linaweza kurudi. Tutaliangalia tu."

"Na wajukuu wangu?"

Hilo ndilo swali lililomleta, na sasa lilipoulizwa hakuweza kulikimbia. Shimwa akanyoosha mgongo.

"Linatembea kwenye damu ya ukoo, Mama. Linaweza kuwafika, linaweza lisiwafike. Daktari anasema wachanga hawapati sana, lakini wapo wanaopata. Kwa hiyo binti yangu hatatogwa. Siku ya saba wala mwaka wa saba. Akikua atauona mwili wangu, atachagua mwenyewe akijua. Lakini si mimi, wala wewe Mama, wala mtu wa nyumba hii atakayemshikia sindano."

"Kwetu mtoto wa kike hutogwa siku ya saba. Mimi nilitogwa. Mama yangu alitogwa."

"Najua. Na kama haiwezekani, niambie sasa. Nitafunga ushungi wangu nitaondoka, sitakuwa na kinyongo na mtu. Ila hapo ndipo hereni zitakuwa zimerudi kweli."

Mama Ilyasi akafungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika ilitoka nyuma ya mlango.

"Shimwa."

"Unasikiliza?"

"Mlango wenyewe wa mbao nyembamba, na wewe unaongea kama uko Kimironko sokoni."

"Toka hapo, huna adabu!" mama yake akapaza sauti. "Mwenzio hajajifunika!"

"Siingii, Mama. Nimegeuka, natazama ukuta." Akakohoa. "Shimwa, mtoto hatatogwa. Mimi baba yake nimesema. Mama atakasirika mwezi mmoja."

"Miwili," akasema mama Ilyasi.

"Miwili. Na mimi nilikuambia neno baya kwenye simu. Nilikuambia unauza. Nimekaa Rusumo na neno hilo, chakula hakipiti. Unisamehe."

"Na mimi nilikuficha," Shimwa akasema. "Nilifikiri ukijua utakuwa unalitafuta kila ukinitazama."

"Nitalitafuta, sitakudanganya. Si la mke wangu?" Akasogea. Sasa sauti ilikuwa karibu zaidi na mlango, na ndogo. "Lakini, malkia... linauma?"

 Wote waliowahi kuliona walikuwa wameuliza limetoka wapi, litaondoka lini, limegharimu nini, nani mwingine ameliona. Mama yake mwenyewe hakuwahi kuuliza hili. Shimwa akafunika uso kwa mikono miwili, akalia pale kwenye maji ya mchele, kwa sauti, bila kujizuia.

"Linawasha," akasema. "Ilyasi, linawasha. Mchana kutwa linawasha."

 Mama Ilyasi alifuta mikono kwenye kitenge chake, akasogea kwa magoti, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Wapi?"

"Nyuma. Hapo. Daktari amesema nisikune."

"Nani anakuna? Naweka mkono tu."

Akaweka kiganja chake juu ya sikio lote, ndewe na kovu na kila kitu, akakishikilia hapo. Kilikuwa kibaridi kwa sababu ya maji. Mwasho ukapungua, ukapungua tena.

"Cassien nitampigia mwenyewe," mama Ilyasi akasema, bado na uso wa kununa. "Atie hivyo vibanio, aache kupiga watu simu. Na siku? Ijumaa hii hii, au tusogeze?"

"Hii hii!" Ilyasi akasema nje.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye sikio."

"Hii hii, Mama," akasema Shimwa, na hakuuondoa ule mkono.